Je, tuliondoe dubwana ili filamu yetu ipate tuzo?

"Mtaalamu, salamu. Mimi na wenzangu wawili tumemaliza mswada wa filamu fupi kuhusu dubwana linalotoka ziwani na kuuvamia mji. Tumeshatengeneza trela ya sekunde 40, na mngurumo tuliuchukua kwenye filamu moja ya zamani ya Godzilla, lile jitu la Kijapani linalotoka baharini, kwa kuwa wa kwetu bado hatujaupata. Mwenzangu mmoja anasema tuliondoe dubwana, tubaki na hadithi ya familia, kwa sababu filamu za aina hii hazipewi tuzo za maana, na zile tuzo maalumu za filamu za kutisha na za kisayansi ni mashabiki kupongezana tu. Mwingine anataka tuongeze hotuba ndefu ya huzuni ili majaji waone kwamba hatufanyi mchezo. Juzi tumepokea barua pepe kutoka tamasha tusilolijua: eti filamu yetu imeshinda, tulipie kikombe. Filamu yenyewe hata hatujaipiga! Kwa nini watu hawachoki na madubwana haya ilhali waamuzi wanayabeza? Na sisi tufanyeje?"

Ndugu yangu, nianze na hiyo barua pepe kwa kuwa haina mjadala: huo ni utapeli. Matamasha mengi halali hutoza ada ya kuwasilisha filamu, na hilo si kosa. Lakini ada hulipwa kabla filamu haijatazamwa, na kuilipa hakukuhakikishii chochote. Anayekutangaza mshindi wa kazi ambayo haipo, kisha akakudai bei ya kikombe, anafanya biashara ya vikombe. Msimjibu.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Nionavyo, hamna shaka na dubwana lenu. Mnachoogopa ni kutoa jasho miezi na miezi, halafu watu mnaowaheshimu waseme ni mambo ya watoto. Mwenzenu anayetaka kuliondoa ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inafaa kuelezwa vizuri ili isiwapoteze.

Si kweli kwamba filamu za madubwana hazishindi. Mighty Joe Young, ya sokwe mkubwa kupita kiasi, ilipata Oscar ya athari maalumu, yaani mbinu za kuonyesha kwenye filamu kitu kisichokuwepo, mwaka 1950. King Kong ya 1976, nayo ya sokwe jitu, ilipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa athari za picha, na ile ya Peter Jackson ya 2005 ilichukua tatu: athari za picha, uchanganyaji wa sauti na uhariri wa sauti. Jurassic Park nayo ilikuwa imechukua tatu za aina hiyo hiyo. Machi 2024 Godzilla Minus One ilishinda Oscar ya athari za picha, nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Godzilla hata kuteuliwa, miaka 70 baada ya jitu hilo kuzaliwa. Takashi Yamazaki, aliyeiandika na kuiongoza, alisimamia pia athari zake, akawa mwongozaji wa pili kupata tuzo hiyo baada ya Stanley Kubrick.

Tazama orodha hiyo tena: picha, sauti, sauti, picha. Hapo ndipo ilipo nusu ya ukweli ya mwenzenu. Nchini Marekani dubwana hutuzwa kama ufundi, mara chache mno kama hadithi. Hata King Kong ya 1933, ambayo mafundi wa kizazi kizima waliitazama wakaamua kazi ya kufanya maishani, haikuteuliwa katika kipengele chochote. Kipengele cha ushindani cha athari maalumu kilikuwa bado hakijaanzishwa. Kilianza na filamu za 1939.

Sababu haiko kwenye dharau peke yake, iko kwenye namna kura zinavyopigwa. Katika akademia ya Oscar, kila tawi huteua wa tawi lake: wahariri huteua wahariri, waigizaji huteua waigizaji, kisha wanachama wote hupiga kura ya mwisho. Tawi kubwa kuliko yote ni la waigizaji, na mwigizaji hutafuta uso. Sasa dubwana lina uso wa nani? Haruo Nakajima alilivaa vazi la Godzilla tangu 1954 hadi 1972. Alikwenda bustani ya wanyama kuangalia namna tembo na dubu wanavyohamisha uzito wa mwili, akaigiza ndani ya mpira uliokuwa ukimpika kwa joto. Hakuna aliyeliona hata jicho lake. Mwigizaji Andy Serkis aliyempa Kong wa 2005 mwili na macho hakuteuliwa vilevile. Utisho wa jitu umegawanywa kwa mafundi kumi au mia. Mwenye sauti ana sehemu yake, mpiga picha ana yake, mjenzi wa mifano midogo ya majengo ana yake. Karatasi ya kura inauliza jina la mtu, na kazi hii inakataa kuwa ya mtu mmoja.

Ndiyo maana inafaa kutazama nje ya Marekani. Shin Godzilla ilishinda filamu bora ya mwaka katika tuzo za Akademia ya Japani mwaka 2017, na Godzilla Minus One ikafanya hivyo hivyo mwaka 2024, ikizoa tuzo nane. Huko Korea Kusini, The Host ya mwongozaji Bong Joon-ho, yenye dubwana la mtoni, ilikuwa filamu bora katika tuzo za Blue Dragon za 2006, kisha ikawa filamu bora ya kwanza kabisa katika Tuzo za Filamu za Asia mwaka 2007. Hakuna aliyeomba msamaha kwa sababu ya dubwana. Kwa wapiga kura hao, jitu lilikuwa sehemu ya historia yao wenyewe, kwa hiyo walilisoma kama tamthilia.

Na hizo tuzo maalumu anazozibeza mwenzenu? Haziko sawa, tusizitie kapu moja. Tuzo za Saturn zinatolewa na akademia aliyoianzisha Donald A. Reed mwaka 1972 kwa ajili ya filamu za kisayansi, za njozi na za kutisha, kwa kuwa aliona zinapuuzwa. Hugo hupigiwa kura na wanachama wa kongamano la dunia la hadithi za kisayansi. Mpiga kura huwapanga wateule kwa mfuatano wa upendeleo, na anaweza kuandika kwamba hakuna anayestahili. Shabiki mwenye ruhusa ya kusema "hakuna" si mtu wa kupongeza ovyo. Tuzo za Rondo, zilizopewa jina la mwigizaji Rondo Hatton, zipo tangu 2002 na mtu yeyote anaweza kupiga kura. Mimi nazipenda kwa kuwa zinawakumbuka watu wasiokumbukwa kwingine, kama mafundi wanaosafisha filamu kuukuu na waandishi wa historia yake.

Udhaifu zinao. Mashabiki hupenda wanachokijua, na jina maarufu huanza mbio likiwa mbele. Ila mashabiki hao hao hutenganisha vitu ambavyo wengine huvichanganya. Godzilla ya Kimarekani ya 1998 ilipewa Saturn ya athari maalumu bora, na mwaka huo huo Razzie, tuzo za dhihaka, zikaitangaza, sambamba na filamu nyingine mbili, marudio au mwendelezo mbaya kuliko yote. Mimi sioni mgongano hapo. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri, filamu ilikuwa mbovu.

Sasa hilo swali la kwa nini watu hawachoki. Jibu la haraka ni kwamba watu wanapenda kuona majumba yakivunjwa. Ni kweli, tusijifanye wachamungu. Mimi mwenyewe nikiona mkia unapita kwenye ghorofa nafurahi kama mtoto. Lakini raha hiyo ingeisha filamu ya tatu. Kinachobaki ni kingine, na kukielewa kutawasaidia kuliko hotuba yoyote.

Rudi Japani mwaka 1954. Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni la megatoni 15 huko Bikini, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Majivu yakaiangukia meli ya wavuvi ya Daigo Fukuryu Maru iliyokuwa na watu 23. Fundi redio wa meli, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba. Godzilla ya kwanza ilitoka tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, na inaanza na meli inayoteketea baharini kwa mwanga usioelezeka. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kufafanuliwa. Mwongozaji Ishiro Honda alikuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani na kuyaona magofu ya Hiroshima kwa macho yake. Ndiyo sababu katikati ya filamu kuna mama aliyewakumbatia wanawe moto ukikaribia, anawaambia kwamba punde watakuwa na baba yao. Kuna mtoto hospitalini anayepimwa mionzi na kifaa kinalia. Chukua filamu za kuigiza za mwaka ule, ni ngapi zilizothubutu kumwonyesha mtoto huyo waziwazi? Dubwana ndilo lililoifungua njia hiyo.

Angalia na nyingine uone mkondo ule ule. Shin Godzilla ilitengenezwa miaka mitano baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima ya 2011, na sehemu kubwa yake ni maofisa wakihama kutoka chumba kimoja cha mikutano hadi kingine huku jitu likitembea. The Host ilichokozwa na tukio la kweli la mwaka 2000, kemikali ya kuhifadhia maiti ilipomwagwa kwenye mfereji wa maji machafu katika kambi ya jeshi la Marekani jijini Seoul. Dubwana linalodumu hubeba jambo lililowapata watu wote pamoja na lisilo na mtu wa kumfikisha mahakamani akajibu kikamilifu. Msiba wa mtu mmoja unatoshwa na tamthilia ya kawaida. Msiba wa mji mzima unataka kiumbe cha ukubwa wa mji.

Kwa hiyo hotuba ya huzuni msiiongeze. Hotuba ni mwandishi anayeogopa kwamba picha haijasema kitu, na majaji wanaijua hofu hiyo kwa harufu. Badala yake kaeni watatu mjiulize: dubwana letu limebeba nini? Ziwa hilo lilifanyiwa nini, na nani alijua akanyamaza? Kama familia yenu inahusika na jibu hilo, hata kwa mbali, basi hamna hadithi mbili za kuchagua. Na kama mkijiuliza wiki nzima mkaona dubwana halijabeba kitu, mwenzenu ana haki: liondoeni, maana litakuwa pambo. Napenda zaidi mjaribu njia ya kwanza, lakini sitawadanganya kwamba kila mswada unahitaji jitu.

Kuna upande wa ufundi pia, kwani filamu hizi hufa kwa jambo moja: ukubwa usioaminika. Kimaumbile kiumbe cha namna hii hakiwezekani. Galileo alilieleza mwaka 1638: ukikuza mwili, uzito hukua haraka kuliko nguvu ya mifupa. Mkuze mtu mara 25 kwa urefu. Uzito wake utaongezeka mara 15,625, wakati eneo la mkato wa mfupa unaobeba uzito huo limeongezeka mara 625 tu. Angevunjika miguu kabla hajapiga hatua. Jicho la mtazamaji halifanyi hesabu hii, ila linajua jambo moja kwa uzoefu: vitu vikubwa huonekana vinaanguka polepole. Jiwe likidondoka kutoka mita 50, kimo cha Godzilla wa 1954, huchukua sekunde 3 na kidogo kufika chini. Kwenye mfano uliopunguzwa mara 25 kimo hicho ni mita 2, na jiwe hufika kwa sekunde 0.6 hivi. Tofauti ni mara tano. Ndipo Eiji Tsuburaya, fundi mkuu wa athari za filamu hiyo, na wenzake walipoendesha kamera kwa kasi na kuionyesha filamu kwa mwendo wa kawaida, ili kifusi kidondoke kwa uzito. Kanuni ni kipeuo cha pili cha kipimo chenu: mfano wa 1 kwa 25 unataka kasi mara tano, yaani fremu 120 kwa sekunde ikiwa mtaonyesha kwa 24. Simu nyingi za leo zinaweza.

Nyinyi mmechagua ziwa, na hapo niwaonye. Maji hayapungui. Tone la maji lina ukubwa wake ule ule hata ukiliweka karibu na mji wa boksi, kwa hiyo kila mruko wa maji utafichua kwamba mko kwenye beseni. Mna njia tatu: muwe na mfano mkubwa na tangi kubwa, mtengeneze maji kwa kompyuta, kazi inayokula muda kuliko mnavyodhani, au dubwana litoke majini usiku, nje ya fremu, tuone mawimbi ya kweli yakifika ufukweni na watu wakirudi nyuma. Kwa filamu fupi ningechagua ya tatu bila kufikiri mara mbili. Wekeni kamera kwenye kimo cha macho ya mtu anayekimbia. Mkipiga kutoka juu angani, dubwana litakuwa mdoli.

Msikatishwe tamaa na fedha. Minus One ilifanyiwa athari zake na timu ya watu 35 waliotengeneza shoti 610, na kwa maneno ya Yamazaki mwenyewe filamu nzima iligharimu chini ya dola milioni 15, fedha ambayo kwenye filamu kubwa ya Hollywood ni sehemu ndogo tu ya bajeti. Siri mojawapo ilikuwa kwamba mwenye kuamua alikaa karibu na wenye kutengeneza. Shoti ikikosewa inasahihishwa papo hapo, haisafiri kwenda ofisi tano. Nyinyi ni watatu. Faida hiyo mnayo tayari.

Kuhusu pa kuipeleka. Tamasha la filamu za kawaida likiwachukua, mtaonwa na watu wasiotafuta madubwana, na hilo ni zuri. Ila nafasi za filamu fupi ni chache, na mpangaji wa ratiba hujiuliza hii ataiweka kati ya zipi. Matamasha ya filamu za njozi na kutisha, kama Sitges ya Hispania iliyoanza 1968, Fantasia ya Montreal tangu 1996 au lile la Bucheon, Korea Kusini, tangu 1997, yana watazamaji wanaojua kutofautisha vazi zuri na vazi bovu, na ukumbi wao hupiga kelele kweli. Ubaya wake ni kwamba mkianzia huko huenda watu wakawabandika jina la watu wa filamu za kutisha kwa muda. Mimi ningeanzia huko hata hivyo, kwa kuwa filamu fupi huleta watu zaidi kuliko vikombe: fundi wa sauti, mtayarishaji anayetafuta wazo, mwenzenu wa kazi ya pili. Someni masharti kabla ya kuiweka filamu mtandaoni. Baadhi ya matamasha huikataa ikiwa imeshaonyeshwa hadharani.

Mambo mawili hayatatuliwi kwa kusoma jibu langu. La kwanza ni huo mngurumo. Uondoeni leo, na kama trela iko mtandaoni, iondoeni yote. Kampuni ya Toho, mmiliki wa Godzilla, hulilinda jitu lake kwa bidii: iliwahi kuishtaki Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, kwa sababu ya mifuko ya taka yenye jina na mchoro wa kuchekesha uliofanana na Godzilla, ikashindwa mwaka 1981, lakini haikukoma. Mwaka 2015 iliishtaki kampuni ya utayarishaji iliyotumia picha za Godzilla kwenye maelezo ya kuwavutia wanunuzi wa filamu ambayo ilikuwa haijapigwa bado, na shauri likaishia kwa mapatano. Hali hiyo inafanana na yenu mno. Tafuteni mwanasheria wa hakimiliki, mkae naye ana kwa ana na mswada, michoro ya dubwana na trela, kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote. Mkiwa hapo, aandike pia mkataba kati yenu watatu kuhusu nani anamiliki nini. Mngurumo mtajitengenezea. Ule wa 1954 mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliupata kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti ikapunguzwa kasi.

La pili ni usalama. Vazi la kwanza la Nakajima lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi, na hakuweza kukaa ndani yake zaidi ya dakika chache. Kama mmepanga mtu avae mpira, hasa karibu na moto au maji, msijifunze kwa kujaribu. Mtafuteni msimamizi mwenye uzoefu wa matukio ya hatari awepo siku ya kupiga picha na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi. Mvaaji awe na ishara ya mkono ya kuomba kutolewa, zipu iwe mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuifungua kwa sekunde, na asiingie majini akiwa ndani ya vazi hata kwa shoti moja. Maji yakijaa kwenye mpira, hata watu watatu hawataweza kumwinua.

Mkishaamua dubwana limebeba nini, niandikieni tena na ukurasa mmoja wa muhtasari. Msiandike hotuba.